KUANDIKWA NA KUFUTWA: ASILI NA MAANA ZA JOZI YA VITENZI VYA KAZI KATIKA NCHI YA CHAI YA KERICHO NA BOMET

1.0 UTANGULIZI

Madhumuni ya makala haya ni kuchunguza asili na maana za vitenzi viwili vinavyosikika kila siku katika mashamba ya chai ya Kericho na Bomet, yaani kuandikwa, kwa maana ya kupewa kazi, na kufutwa, kwa maana ya kuondolewa kazini. Vitenzi hivi vitalinganishwa na jozi ya Kiingereza sign on na sign off, ambayo aghalabu hudhaniwa kuwa ndiyo mzazi wao.

Dhana hiyo imeenea sana. Si nadra kumkuta mwalimu wa Kiswahili akimsahihisha mwanafunzi aliyeandika kwamba baba yake "aliandikwa na kampuni ya chai", na kumtaka aseme "aliajiriwa". Hoja itolewayo ni kwamba kuandikwa kazi ni tafsiri sisisi ya Kiingereza iliyobuniwa na makarani wa mashambani, na kwamba Kiswahili chenyewe ni kuajiriwa. Hoja hii inastahili kupimwa kwa ushahidi wa historia na wa sarufi kabla ya kukubaliwa.

Nitajaribu kuonyesha mambo matatu. Kwanza, kuandika mtu kazi ni matumizi ya pwani na ya njia za misafara, nayo ni ya zamani kuliko mashamba makubwa ya chai ya Kericho. Pili, jozi ya Kiingereza na jozi ya Kiswahili zilikutana juu ya karatasi moja, yaani kipande cha enzi ya ukoloni, lakini kila lugha ililieleza tendo lile kwa kulitazama kutoka upande wake. Tatu, tofauti ya pande hizo mbili ina matokeo hadi leo, hasa pale ambapo maneno ya mfanyakazi yanapofasiriwa mbele ya sheria.

2.0 JOZI YA KIINGEREZA

Kiingereza kina kundi kubwa la vitenzi vinavyoundwa na kitenzi cha kawaida kikifuatwa na neno dogo, aghalabu la mahali au la mwelekeo. Neno hilo dogo huigeuza maana ya kitenzi kiasi kwamba mtu ajuaye maneno yote mawili peke yake huenda asiweze kuikisia maana ya jumla. Samuel Johnson, alipoitoa kamusi yake mwaka 1755, alieleza katika dibaji kwamba vitenzi vya aina hii huwapa wageni taabu kubwa kuliko vingine. Jina ambalo sarufi ya Kiingereza huvipa leo, phrasal verbs, lilienezwa na Logan Pearsall Smith katika kitabu chake cha mwaka 1925.

Kitenzi sign kilifika Kiingereza kwa njia ya Kifaransa kutoka neno la Kilatini lenye maana ya alama. Kusaini, basi, ni kutia alama. Neno dogo on huonyesha kugusana na kitu, na kutokana na hapo huonyesha kuingia katika jambo na kuendelea nalo. Off huonyesha kutengana. Hapo kale off halikuwa neno la pekee, bali lilikuwa ni namna ya kutamka of kwa mkazo, hata yakaja kutengana kabisa yapata karne ya 17.

Matumizi ya sign on kwa maana ya kuingia kazini yana mizizi yake baharini. Baharia wa Kiingereza, kabla ya kuanza safari ndefu, alitakiwa kutia sahihi mkataba wa mabaharia wa jahazi lile. Sheria ya Meli za Biashara ya mwaka 1854 iliutilia nguvu utaratibu huu kwa kumlazimisha nahodha kufanya mkataba wa maandishi na watu wake. Asiyejua kusoma aliweka msalaba mahali pa jina. Yafaa kuangalia hapa kwamba kitenzi hiki kilikuwa na njia mbili tangu zamani. Baharia aliweza kusemwa kuwa amesaini kuingia, na nahodha naye aliweza kusemwa kuwa amemsaini baharia kuingia. Kitenzi ni kilekile, na umbo lake halibadiliki, ingawa mtendaji amebadilika.

Kutoka bandarini kitenzi kiliingia viwandani na jeshini. Baadaye kilipata maana nyingine ambayo ni kama kinyume cha ile ya kwanza. Ofisi za serikali za kutafutia watu kazi zilifunguliwa Uingereza mwaka 1910, na sheria ya bima ya taifa ikapitishwa mwaka 1911. Tangu hapo, mtu asiye na kazi aliyetaka msaada wa bima alipaswa kwenda kutia sahihi daftarini kuthibitisha kwamba hana kazi. Kwa hiyo sign on huko Uingereza ikaja kuwa na maana ya kujitambulisha kuwa huna kazi. Msomaji wa Kericho anayedhani kuwa kitenzi hiki kinalingana moja kwa moja na kuandikwa ataliona gazeti la London likisema jambo la ajabu.

Sign off nayo imepita njia ndefu. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, huko New England nchini Marekani, ilitumika kwa mtu aliyetia sahihi kujitoa katika kanisa fulani. Ilipofika miaka ya 1920 watangazaji wa redio waliitumia kwa kufunga matangazo. Waingereza huitumia kwa daktari anayempa mgonjwa ruhusa ya kutokwenda kazini, na Wamarekani huitumia kwa mkubwa anayeidhinisha jambo. Katika Kenya ya ukoloni ilikuwa na maana mahususi kabisa, nayo tutaifikia katika sehemu ya 4.0.

3.0 ANDIKA KABLA YA CHAI

Maana ya kuandika ambayo hutujia haraka leo ni ile ya kalamu na karatasi. Kamusi za zamani, pamoja na ile ya Frederick Johnson iliyotolewa mwaka 1939, zinaonyesha kwamba kitenzi hiki kilikuwa na maana pana zaidi, yaani kupanga vitu mahali pake. Tuchunguze mifano ifuatayo:

(1) Mtumishi ameandika meza.
(2) Mwalimu ameandika barua.
(3) Tajiri ameandika wapagazi.

Katika mfano wa (1) vyombo vinawekwa mahali pake tayari kwa chakula. Katika (2) herufi zinawekwa mahali pake mstarini. Katika (3) ni watu wanaowekwa mahali pao, katika daftari na katika msafara. Umbo la kitenzi lenyewe linaafikiana na maana hii, kwa kuwa mwisho wa -ik- hupatikana katika vitenzi vingine vingi vya kuweka kitu mahali, mathalani tundika, pachika, anika na tandika. Kwa hiyo si lazima tudhani kwamba (3) ilitokana na (2), sembuse kwamba ilitokana na Kiingereza. Yawezekana kabisa kuwaandika watu na kuiandika meza ni tendo moja: kupanga.

Biashara ya misafara ya karne ya 19 iliyatia nguvu matumizi haya. Wapagazi waliokusanywa Zanzibar na Bagamoyo walitiwa daftarini kabla ya kuondoka, wakapewa malipo ya kwanza na posho. Ushahidi wa kwamba lugha ya misafara ndiyo iliyofika mashambani tunaupata katika neno jingine. Msimamizi wa kundi la wachumaji wa chai huitwa nyapara, na neno hili lina asili yake kwa Wanyamwezi, ambao viongozi wao wa misafara waliitwa kwa jina hilo. Kampuni za chai zilipofika Kericho zilimkuta nyapara amekwisha kuwako katika Kiswahili. Ni jambo la kawaida kudhani kwamba zilikikuta pia kitenzi kilichomhusu.

Neno la tatu la ukoo huu ni kibarua. Kamusi za zamani zaeleza kwamba kibarua ni barua ndogo, yaani kile cheti alichopewa mfanyakazi wa siku moja ili adai ujira wake. Baadaye jina la karatasi likawa jina la mtu aliyeishika, na kisha likawa jina la kazi yenyewe. Waswahili wa pwani, ambao walikuwa na maandishi kwa hati za Kiarabu karne nyingi kabla ya ukoloni, walikuwa wamekwisha kuiona kazi ya ujira kuwa ni jambo la karatasi.

Hali hii haikuwa ya Afrika ya Mashariki peke yake. Wahindi waliochukuliwa kufanya kazi kwa mkataba katika makoloni ya Waingereza, mathalani Mauritius na Fiji, walilitamka neno la Kiingereza la mkataba, agreement, kuwa girmit, nao wakaitwa girmitiya, watu wa mkataba. Reli ya Uganda, iliyojengwa kutoka Mombasa hadi Kisumu kati ya 1896 na 1901, ililetewa Wahindi wapatao 32,000 walioingia mikataba ya namna hiyo. Katika kila nchi ya namna hii mfanyakazi asiyesoma alijiita kwa jina la ile karatasi iliyomfunga.

4.0 KIPANDE NA MASHAMBA YA KERICHO

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya ukoloni ilitenga ekari 25,000 za ardhi ya Wakipsigis karibu na Kericho kwa ajili ya maofisa wa Kiingereza waliolemaa vitani. Mpango huo ulianza mwaka 1919, na zao lililokusudiwa lilikuwa kitani. Bei ya kitani ilipoanguka mpango ukavunjika. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni ya James Finlay iliichukua sehemu kubwa ya ardhi hiyo kwa jina la African Highlands Produce Company, na kampuni ya Brooke Bond nayo ikaingia Kericho katika miaka hiyohiyo. Ndivyo ilivyoanza chai ya kampuni kubwa katika nchi hii. Wakipsigis walipoteza malisho yao, na mwaka 1934 serikali ilitunga sheria ya kuwahamishia Gwassi watu wa ukoo wa Talai, ambao iliwaogopa kwa uongozi wao wa kidini.

Wafanyakazi wengi wa miaka ya mwanzo walitoka nje ya nchi ya Wakipsigis: Wajaluo, Wagusii na Waluhya kutoka Nyanza na magharibi. Hawakuwa na lugha moja. Msimamizi Mzungu alizungumza nao kwa Kiswahili cha amri, kile kilichoitwa Kisetla, na wao kwa wao walizungumza Kiswahili cha bara walichojifunza njiani na mabwenini. Katika mazingira hayo msamiati wa kazi ulihitajika kabla ya msamiati mwingine wowote, nao ulikuwa tayari: kazi, kibarua, nyapara, karani, posho, kuandikwa.

Juu ya msamiati huu iliongezwa karatasi mpya. Sheria ya Kuandikisha Wenyeji ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya vita, mnamo 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa zaidi ya miaka 16 alipaswa kuwa na hati yenye jina lake, kabila lake, wilaya yake na alama za vidole vyake. Hati hiyo iliwekwa katika kikopo cha bati kilichovaliwa shingoni kwa kamba. Watu waliiita kipande. Harry Thuku aliipinga katika mikutano yake ya 1921 na 1922, na William McGregor Ross, aliyepata kuwa mkuu wa idara ya ujenzi ya serikali hiyohiyo, aliilaumu katika kitabu chake cha mwaka 1927.

Ndani ya kipande zilikuwamo nafasi za kujazwa na mwajiri: tarehe ya kumtwaa mtu, ujira wake, tarehe ya kumwacha na sahihi ya mwajiri. Hapa ndipo jozi ya Kiingereza ilipopata maana yake ya Kenya. Mwajiri alipojaza sehemu ya kwanza alisemwa kuwa amemsaini mtu kuingia, na alipojaza sehemu ya mwisho alisemwa kuwa amemsaini kutoka. Mtu ambaye kipande chake hakikujazwa sehemu ya mwisho hakuweza kuchukuliwa kihalali na mwajiri mwingine, na akiondoka alitafutwa kuwa mtoro. Kuacha kazi bila ruhusa lilikuwa kosa la jinai. Kwa hiyo kule kusainiwa kutoka, ambako kwa baharia kulikuwa mwisho wa safari na mwanzo wa mapumziko, kwa mchumaji wa chai kulikuwa ni kibali cha kuwa huru kutembea.

Si kila aliyefanya kazi aliyekuwa na kipande. Wanawake hawakuandikishwa kwa sheria hii, na utambulisho wa kitaifa haukuwafikia hadi mwishoni mwa miaka ya 1970. Watoto nao walichuma chai pasipo kipande, kwa kuwa umri wao haukutosha. Kazi za watoto katika mashamba ya Kericho zilileta malalamiko yaliyofika hadi Uingereza, yakisukumwa miongoni mwa wengine na Shemasi Mkuu Walter Owen wa Kavirondo, na mwaka 1938 kamati ya serikali ililichunguza jambo hilo. Sheria ya kipande ilibadilishwa mwaka 1947 kwa sheria ya kuandikisha watu wa rangi zote. Neno lenyewe halikufa. Wakenya wengi bado huiita kadi yao ya utambulisho kipande.

5.0 NI NANI ALIYESHIKA KALAMU?

Sasa twaweza kuzilinganisha lugha hizi mbili kwa karibu zaidi. Tumeona kwamba kitenzi cha Kiingereza huweza kumchukua mfanyakazi kuwa mtenda: yeye ndiye anayesaini. Hata mwajiri anapokuwa mtenda, umbo la kitenzi halibadiliki. Neno dogo on latueleza kwamba mtu ameingia, lakini halituambii ni mkono wa nani ulioshika kalamu.

Kiswahili hakina neno dogo la namna hii. Kazi ambayo Kiingereza huifanya kwa neno la nje, Kiswahili huifanya kwa mnyambuliko, ndani ya kitenzi chenyewe:

(4) Kampuni ilimwandika.
(5) Aliandikwa.
(6) Aliandikiwa barua.
(7) Aliandikisha watoto shuleni.
(8) Alijiandikisha.

Katika (4) hadi (8) kila kiambishi kinatuonyesha bila shaka uhusiano wa mtu na tendo la kuandika. Katika (5), ambao ndio usemi wa kila siku mashambani, kiambishi -w- kinasema wazi kwamba mfanyakazi si mwandikaji. Yeye ni kile kilichoandikwa. Mtu huyo alipeleka dole gumba, na mkono mwingine ukaandika.

Hoja ya tafsiri sisisi inaanguka hapa. Lau mfanyakazi wa Kericho angalifasiri Kiingereza neno kwa neno, angalisema "nilitia sahihi kuingia" au "nilisaini kazini". Hakusema hivyo. Kiswahili cha Kenya kinalo neno kusaini, nalo hutumika kwa mikataba ya wanasoka na ya wafanyabiashara, watu wanaodhaniwa kuwa na kalamu zao wenyewe. Kwa mchumaji wa chai kitenzi kilichochaguliwa ni kile cha kutendwa. Hii ni taarifa sahihi kuhusu jinsi mambo yalivyokuwa.

Jambo jingine la kuzingatia ni kwamba kitenzi hiki hakikuzaa jina la mwajiri. Mwandishi ni mtu wa vitabu au wa magazeti. Lugha ya sheria ilipohitaji jina hilo ilikwenda kwenye asili ya Kiarabu ikapata mwajiri na mwajiriwa, maneno ambayo msingi wake ni ujira. Kwa hiyo kuajiriwa na kuandikwa si neno moja katika mavazi mawili. La kwanza linatazama malipo, na la pili linatazama daftari. Mtu aweza kulipwa ujira kila jioni kwa miaka mingi na bado akasema, kwa haki kabisa, kwamba hajaandikwa.

Nguvu ya kitenzi hiki inaonekana pia katika lugha jirani. Kijaluo kina ndiko, kuandika, ambacho kimetoka katika Kiswahili, na hutumika pia kwa kumpa mtu kazi. Kikuyu nacho husema kwandĩkwo wĩra kwa maana hiyohiyo. Shule na misheni zilisaidia kueneza maana ya kalamu, lakini maana ya kazi ilibebwa na watu waliokwenda mashambani na mijini wakarudi kwao.

6.0 KINYUME CHAKE: KUFUTWA NA KUPIGWA KALAMU

Kiswahili kina njia yake ya kuunda kinyume cha tendo, nayo ni kiambishi cha kutendua, kama katika funga na fungua, kunja na kunjua, anika na anua, ezeka na ezua. Katika msamiati wa kazi, hata hivyo, kinyume cha kuandikwa hakikupatikana kwa kiambishi hiki. Kilichochukuliwa ni kitenzi kingine kabisa, futa. Chaguo hili lina maana. Kutendua ni kukirudisha kitu katika hali yake ya awali: mkeka ukikunjuliwa umekuwa kama ulivyokuwa. Kufuta ni tendo la juu ya ubao au karatasi. Mwanafunzi wa chuo cha Kurani aliyeandika aya ubaoni aliufuta ubao ili aandike nyingine. Kwa hiyo kufutwa kunaendelea na picha ileile ya maandishi: aliyeingia kwa kuandikwa hutoka kwa kufutwa.

Lakini tukiitazama historia tutaona kwamba picha hii haikulingana na hati yenyewe. Katika kipande hakuna kilichofutwa. Mtu alipoachwa, mwajiri aliongeza maandishi juu ya maandishi, na kila kazi aliyopata kuifanya ilibaki pale ikimfuata kwa mwajiri mwingine. Mtumishi aliyeondoka kwa ugomvi angalifurahi kama kweli angalifutwa. Kitenzi kufutwa, basi, hakielezi kipande bali kinaeleza daftari la kampuni, ambamo jina lililokuwamo jana leo halimo, na pamoja na jina limekwenda bwenilo, kwa kuwa nyumba ya shambani hufuata kazi.

Usemi unaokaribia zaidi tendo lenyewe ni kupigwa kalamu, ambao umeenea Kenya nzima na husomwa kila wiki katika kurasa za michezo za Taifa Leo pale kocha anapotimuliwa. Katika usemi huu kalamu haiandiki wala haifuti, bali hupiga. Ni mstari unaopita juu ya jina. Hapa pia mfanyakazi yuko katika kutendwa. Kwa mtu aliyeacha kazi kwa hiari, lugha hubadilisha kauli mara moja: ameacha kazi. Hakuna asemaye kwamba amejipiga kalamu.

Nahau nyingine za kupoteza kazi zinatoka kwenye shamba na jikoni, si kwenye karatasi. Kibarua cha mtu huota nyasi. Mtu humwaga unga. Yafaa ziangaliwe kwa ajili ya ulinganisho, maana zinazungumzia matokeo, yaani shamba lisilolimwa na chungu kisicho na kitu. Kufutwa na kupigwa kalamu zinazungumzia tendo lenyewe na chombo chake.

7.0 BAADA YA UHURU

Mwaka 1964 iliundwa Mamlaka ya Ustawi wa Chai ya Kenya ili kuwawezesha wakulima wadogo kupanda zao ambalo hapo awali lilikuwa la kampuni. Katika nchi ya Wakipsigis, hasa sehemu ambazo zilitengwa na Kericho mwaka 1992 zikawa wilaya ya Bomet, viwanda kama Kapkoros, Tirgaga na Mogogosiek vikawa vya wakulima wenye mashamba yao wenyewe. Mabadiliko haya yalikipa kitenzi chetu umbo jipya la kawaida, lile la mfano wa (8). Mkulima mdogo hakuandikwa, alijiandikisha. Alipata namba yake, majani yake yakapimwa kituoni, kilo zikaandikwa mbele ya macho yake, na mwishoni mwa mwaka alingoja bonasi. Viambishi -ji- na -ish- vilibeba tofauti kubwa ya hali ya mtu kuliko hotuba nyingi za wakati ule.

Hata hivyo mkulima huyo naye huhitaji wachumaji. Wengi wao hulipwa kwa kilo na hawamo katika daftari lolote. Hawa wamerudi kwenye neno la zamani, kibarua, ingawa safari hii aghalabu hata ile barua ndogo haipo. Katika mashamba ya kampuni, vyama vya wafanyakazi wa mashambani, ambavyo viliunganishwa kuwa chama kimoja mwaka 1963, vilipigania tangu mwanzo kwamba mtu wa miaka mingi aandikwe. Baada ya mashine za kuchumia majani kuingizwa katika mashamba makubwa, na kusababisha mgomo wa Oktoba 2010, neno kufutwa limesikika mara nyingi zaidi kuliko kuandikwa.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 imejengwa juu ya tofauti hizihizi. Inamtenga kibarua wa siku na mfanyakazi wa mkataba, na katika kifungu cha 37 inaeleza jinsi kibarua aliyefanya kazi mfululizo anavyoweza kuhesabiwa kuwa si kibarua tena. Kifungu cha 9 kinamruhusu mfanyakazi kuonyesha ridhaa yake kwa kutia sahihi au kwa kuweka alama ya kidole, na kinamtaka mwajiri amweleze mkataba mtu asiyejua kusoma kwa lugha anayoielewa. Dole gumba la kipande halijaondoka katika sheria zetu, ila sasa limewekewa masharti ya kumlinda mwenyewe.

Katika hali hii kazi ya mfasiri mahakamani ni nzito. Tuchukue kauli tatu ambazo mfanyakazi yeyote wa nchi ya chai aweza kuzitamka:

(9) Nilifanya kibarua miaka minne, ndipo nikaandikwa.
(10) Mimi sikuandikwa.
(11) Jina langu lilifutwa.

Mfasiri anayeamini kwamba kuandikwa ni kuajiriwa tu ataigeuza (9) kuwa kauli ya mtu aliyeajiriwa baada ya miaka minne, na miaka ile minne ya jasho itatoweka katika kumbukumbu za mahakama. Katika (10) shahidi aweza kuwa anasema kwamba alinyimwa kazi, au kwamba alifanya kazi bila mkataba wa maandishi. Maana hizi mbili zinapeleka shauri njia mbili tofauti, kwa sababu kifungu cha 10 humtwika mwajiri asiyeweza kuonyesha maandishi mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi yanayobishaniwa. Katika (11) yatupasa kuuliza kama aliachishwa kazi, au kama jina lake liliondolewa katika orodha ya malipo hali yeye angali anafanya kazi. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ina kituo Kericho, na kauli za namna hii si mifano ya darasani tu.

8.0 HITIMISHO

Tumeona kwamba kuandikwa kazi hakukuzaliwa na sign on. Kitenzi andika kilikuwa na maana ya kupanga, kikawapanga wapagazi katika daftari za misafara, kikafuatana na nyapara na kibarua hadi Kericho, na huko kikakutana na Kiingereza juu ya kipande. Vitenzi hivi viwili vilitaja tukio moja. Cha Kiingereza kilikuja na kumbukumbu ya baharia aliyetia sahihi yake, au walau msalaba wake. Cha Kiswahili kilisema ukweli wa mtu ambaye wengine walimwandika.

Kutokana na hayo napendekeza mambo mawili. Walimu wetu waache kulihesabu neno hili kuwa kosa, wakalifundishe pamoja na kuajiriwa kwa kuonyesha tofauti ya maana iliyopo. Watunga kamusi nao, wanapoliingiza kuandikwa kwa maana ya kazi, wasiridhike kulieleza kwa kisawe kimoja. Walipe maelezo yanayotaja daftari, kwa sababu bila daftari hilo mfasiri hatajua kwa nini mtu aliyechuma chai miaka minne husimama mbele ya hakimu akasema kwamba hakuandikwa.